SHEKHAR MEHTA, DEREVA ALIYEJUA KUFIKA

Kila ufikapo mwezi wa Aprili, na mvua za masika zikashuka juu ya vilima vya Tarime na mbuga za Serengeti, barabara zetu hugeuka kuwa mtihani. Udongo mweusi hushika magurudumu, makorongo hujaa maji, na gari lililotoka Mugumu asubuhi likitarajiwa Tarime mchana huweza kulala njiani. Katika mwezi kama huo, tarehe 12 Aprili, 2006, alifariki mjini London mtu aliyeujua mtihani huo kuliko wengi waliopata kushika usukani katika Afrika ya Mashariki. Jina lake lilikuwa Shekhar Mehta. Tumeona yafaa kuyaeleza maisha yake leo, kwani ndani yake mna somo kwa ndugu zetu wa visiwani, kwa madereva wa mkoa huu, na zaidi kwa watumishi wa serikali waliokabidhiwa magari ya umma.

Mehta alizaliwa Uganda mwaka 1945, katika jamaa ya wakulima wakubwa wenye asili ya Bara Hindi. Alianza mashindano ya magari akiwa kijana wa miaka 21, katika gari la aina ya BMW. Wakati huo mashindano makubwa kuliko yote katika sehemu hizi za dunia yalikuwa yale ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 na kufanyika siku za Pasaka katika nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari hayakuzunguka uwanjani kama farasi. Yalitembea kiasi cha kilomita 5,000 katika barabara zile zile za wananchi, zenye malori, ng'ombe, vumbi na matope, usiku na mchana. Mwaka 1968 yaliondoka magari 93, na yaliyorudi yalikuwa 7 tu. Kwa hiyo katika Safari hapakuulizwa kwanza nani mwenye mbio. Kwanza paliulizwa nani amefika.

Mwezi wa Agosti, 1972, serikali ya Idi Amin iliwaamuru watu wenye asili ya Asia waondoke Uganda katika muda wa siku 90. Jamaa ya Mehta ilikuwa miongoni mwa walioiacha nchi na kuingia Kenya. Sisi tunaokaa karibu na mpaka wa Sirari, ambao wengi wetu tuna shangazi na wajomba upande wa pili, twajua uchungu wa mtu kuambiwa kwamba alipozaliwa si kwao. Uganda ilijinyima raia wengi wenye ujuzi katika siku hizo tisini, na dereva huyu alikuwa mmoja wao. Haukupita mwaka mmoja kabla jina lake halijatangazwa ulimwenguni, naye akihesabiwa kuwa mtu wa Kenya.

Pasaka ya mwaka 1973 Safari iliingizwa katika mashindano mapya ya ubingwa wa dunia. Mehta aliendesha Datsun 240Z. Baada ya maelfu ya kilomita, yeye na Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa katika Datsun nyingine, walikuwa wamelingana katika hesabu ya adhabu. Waamuzi walitazama nani kati ya hao wawili alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza, na ushindi ukawa wa Mehta. Twaomba msomaji alizingatie jambo hilo. Ushindi wake wa kwanza hakuupata kwa kumpita mwenzake mwishoni, bali kwa kutokosea mapema.

Baada ya hapo ilipita miaka sita bila ya kushinda tena Safari. Wahenga wetu walikwisha kutufundisha kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mehta aliendelea kufanya kazi na watu wa Datsun, na mwaka 1979 akashinda tena, akafuatiliza mwaka 1980, kisha 1981, kisha 1982. Gari lake katika miaka hiyo lilikuwa Datsun ya aina ya 160J, ambayo kwao Japani huitwa Violet: gari la kawaida la familia, lenye injini ya lita mbili. Mwaka 1979 na 1980 wakubwa wa Mercedes-Benz walileta magari ya 450 SLC yenye injini ya silinda nane na lita tano, pamoja na mafundi tele. Yote hayo hayakutosha kumnyang'anya ushindi. Alipofariki, hapakuwa na dereva aliyekuwa ameshinda Safari mara nyingi kuliko yeye.

Siri ilikuwa katika maandalizi. Kabla ya mashindano, madereva wa Safari walipita njia yote wakiandika kila kona, kila daraja na kila korongo. Gari lenyewe lilifumuliwa likaungwa upya. Bodi iliongezwa nguvu kwa kuchomelewa, chini ya injini pakawekwa bati zito la kuikinga na mawe, springi na shokapu zikabadilishwa, na chujio la hewa likatunzwa kama mboni ya jicho, kwani vumbi likiingia ndani ya injini huitafuna. Dereva naye alijizuia. Aliijua mipaka ya chuma, wala hakukitaka chuma kifanye kisichoweza.

Hapa yafaa tueleze uhusiano uliopo baina ya mashindano hayo na magari yauzwayo madukani. Wakuu wa mashindano waliweka sharti kwamba kiwanda kisilete gari la kushindana mpaka kwanza kitengeneze idadi fulani ya magari ya namna hiyo kwa ajili ya barabara za kawaida. Idadi hiyo ilibadilika kwa kadiri ya kundi. Katika Kundi B, lililoanza mwaka 1982, magari 200 yalitosha. Kutokana na sharti hilo ndipo zilipozaliwa zile gari ndogo zenye nguvu nyingi, zenye mlango wa nyuma wa kunyanyua, ambazo kwa sura hufanana na gari la mwalimu wa shule lakini kwa moyo ni za mashindano.

Mashuhuri miongoni mwao ilikuwa Peugeot 205 Turbo 16. Peugeot 205 ya kawaida, iliyotoka mwaka 1983, ilikuwa gari dogo la watu wa kipato cha kati, nayo iliuzwa kwa mamilioni. Nduguye wa mashindano alifanana nayo kwa umbo tu. Injini yake iliwekwa nyuma ya viti, ikapewa kifaa cha kusukuma hewa ndani kwa nguvu, na magurudumu yote manne yakasukuma gari. Magari 200 yalitengenezwa kwa ajili ya barabara ili kutimiza sharti. Katika miaka ya 1985 na 1986 gari hilo lilitwaa ubingwa wa dunia.

Hata hivyo, lilipokuja Kenya katika miaka hiyo miwili halikushinda. Lilishindwa na Toyota Celica, gari la muundo wa kawaida zaidi, lenye injini mbele na kusukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, lililoshinda Safari mfululizo mwaka 1984, 1985 na 1986. Mehta mwenyewe alikuwa katika Peugeot mwaka 1986, na hata ujuzi wake wote haukuweza kuligeuza gari hilo kuwa mshindi katika njia zetu. Nguvu iliyotosha kwa barabara za Ulaya haikutosha kwa mawe, vumbi na matope ya Afrika.

Mwaka huo huo wa 1986 ulidhihirisha ubaya wa mbio zisizo na kiasi. Watazamaji waliuawa nchini Ureno, na katika kisiwa cha Corsica dereva Henri Toivonen na msaidizi wake Sergio Cresto waliangamia motoni. Magari ya Kundi B yakapigwa marufuku katika mashindano ya ubingwa wa dunia. Mehta aliendelea na Peugeot katika mashindano ya jangwani, na mwaka 1987, nchini Misri, alipata ajali mbaya iliyokatisha kazi yake ya udereva. Mtu aliyejulikana kwa kufika, safari hiyo hakufika.

Baada ya Kundi B sharti lilibadilishwa. Sasa kiwanda kilitakiwa kutengeneza magari 5,000 ya kuuzwa, badala ya 200. Maana yake gari la mashindano lilirudishwa karibu na gari la mwananchi. Na tazama matokeo yake. Mwaka 1988 na 1989 Safari ilishindwa na Miki Biasion wa Italia katika Lancia Delta Integrale, gari la milango mitano la kubebea watoto na mizigo ya sokoni, lililoongezwa nguvu na uimara. Mwaka 1993 Patrick Njiru wa Kenya aliingia na Subaru Vivio, kigari ambacho injini yake haikufikia hata sentimita za ujazo 700, akamaliza wa 12 na kuongoza kundi la magari madogo. Udogo haukuwa aibu tena. Kilichohitajika kilikuwa uimara na akili.

Mehta hakukaa kulilia usukani alioupoteza. Aliingia katika uongozi wa shirikisho la magari la dunia, akawa mkuu wa kamati ya mashindano ya aina hiyo. Ujuzi alioupata matopeni akaupeleka mezani, mahali yanapotungwa masharti. Alikufa akiwa na umri wa miaka 60. Safari yenyewe iliondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, nayo ikarejeshwa mwaka 2021, yeye akiwa kaburini.

Baadhi ya wasomaji watauliza mambo haya yanahusiana vipi na Tarime na Serengeti. Jibu letu ni kwamba yanatuhusu kila siku. Katika vijiji vyetu vingi, gari linalomfikia mwananchi ni mchomoko: Toyota Probox, IST au Vitz iliyotumika kwanza Japani. Mafundi wetu wa Tarime mjini na Mugumu, ambao wengi wao hawakuingia chuo chochote, huliinua gari hilo kwa springi, hulikinga injini kwa bati na huchomelea palipopasuka. Pasipo kujua, wanafanya kazi ile ile waliyoifanya mafundi wa Mehta. Hao ni wahandisi wetu, nao wanastahili vifaa, mafunzo na heshima. Lakini kazi yao njema huharibiwa na madereva wanaopakia watu tisa mahali pa watano, kisha wakashindana barabarani kama kwamba wako Corsica. Gari lililoandaliwa kuvumilia halikuandaliwa kufanyiwa ujinga.

Kwa watumishi wa serikali tuna neno zito zaidi. Masika moja tulilala njiani baina ya Nyamongo na Mugumu, ndani ya gari la ofisi moja ambayo hatutaitaja. Lilikuwa gari kubwa, la fahari na bado jipya. Chujio lake la hewa lilikuwa limejaa vumbi la kiangazi kizima, na tairi la akiba halikuwamo. Usiku tulipitwa na mchomoko kuukuu uliombeba mama mjamzito kwenda hospitali. Asubuhi tulikuja kuambiwa kwamba gari letu ndilo lililoombwa kwanza kumchukua mama yule, na jibu lililotolewa ni kwamba lina safari ya kikazi. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwamba mama alifika, na mtoto akazaliwa salama. Lakini tuliona haya, na haya hiyo tungali nayo. Sisi tuliokuwa na gari kubwa hatukufika. Aliyefika ni yule aliyelitunza gari dogo.

Kwa hiyo hatuna budi kusema wazi. Gari la umma lisinunuliwe kwa kutazama urefu wake wala mng'ao wake, bali kwa kutazama njia litakayopita na mwananchi litakayemhudumia. Kila ofisi ya wilaya iwe na daftari la matengenezo linaloandikwa kwa ukweli, na mkuu wa ofisi alikague kama akaguavyo daftari la fedha. Dereva wa serikali apewe mafunzo ya njia za matope, na asilazimishwe kukimbia ili bwana mkubwa awahi mkutano aliouchelewa kwa uvivu wake mwenyewe.

Nanyi ndugu zetu wa Ukerewe, Ukara, Rukuba na visiwa vingine vya ziwa, msidhani kwamba mazungumzo haya ni ya watu wa bara peke yao. Dagaa wenu hupandishwa magarini ndipo wafike Tarime na Mugumu, na gari likikwama, samaki huoza na jasho la mvuvi hupotea. Tena ninyi mnalijua somo hili kutokana na mashine za mitumbwi: nahodha hakaguli injini yake katikati ya mawimbi, huikagua angali ufukweni. Hivyo ndivyo alivyoishi Shekhar Mehta. Alishinda barabarani kwa sababu alikuwa amekwisha kushinda gereji. Tunaopewa dhamana ya vyombo vya wananchi, majini na nchi kavu, tuanzie hapo.