Charlemagne: Mfalme aliyeeneza msalaba kwa upanga

SIKUKUU ya Krismasi mwaka wa 800, waumini waliokusanyika katika Kanisa la Mtakatifu Petro mjini Roma walishuhudia Papa Leo III akimvisha taji Charlemagne, mfalme wa Wafranki, na kumfanya maliki. Miaka zaidi ya 300 ilikuwa imepita tangu maliki wa mwisho wa Roma upande wa magharibi ang'olewe mamlakani.

Ukoo wake haukuwa wa kifalme tangu jadi. Baba yake, Pepin, alimpindua mfalme aliyekuwepo mwaka wa 751 kwa idhini ya Papa. Tangu hapo kiti cha enzi na madhabahu vikawa vyategemeana. Kanisa lilihitaji jeshi la kulilinda, nao watawala wapya walihitaji baraka ili wakubalike na raia.

Pepin alipofariki mwaka wa 768, ufalme uligawanywa baina ya Charlemagne na nduguye, Carloman. Kifo cha Carloman mwaka wa 771 kilimwachia Charlemagne hatamu zote. Mwaka wa 774 aliwashinda Walombardi wa kaskazini mwa Italia na kutwaa taji lao.

Hata hivyo, vita vilivyomsumbua zaidi ni vile vya Wasaksoni, waliokalia kaskazini mwa Ujerumani ya leo na kushikilia miungu ya mababu zao. Alianza kuwashambulia mwaka wa 772 kwa kuiangusha nguzo waliyoiabudu, iliyoitwa Irminsul. Kila alipowashinda walikubali kubatizwa, na kila alipowapa kisogo waliasi tena.

Mwaka wa 782 ghadhabu yake ilipita mpaka. Kwa mujibu wa kumbukumbu za utawala wake, Wasaksoni 4,500 waliuawa kwa siku moja mahali paitwapo Verden. Aidha, alitunga sheria iliyoamuru kifo kwa yeyote atakayekataa ubatizo, na hata kwa atakayekula nyama wakati wa Kwaresima kwa kuidharau dini. Kiongozi wa waasi, Widukind, alisalimu amri na kubatizwa mwaka wa 785, lakini uasi haukukoma.

Aliyethubutu kumkosoa alikuwa mtu wa nyumbani mwake. Alcuin, mwanachuoni kutoka York, Uingereza, na mshauri wake mkuu, alisisitiza katika barua zake kwamba mtu aweza kulazimishwa kubatizwa ila hawezi kulazimishwa kuamini. Alitaka watu wafundishwe kwanza, na wasitozwe zaka kabla imani haijakita mizizi. Mwaka wa 797 mfalme alilegeza sheria hiyo, na makosa kadhaa yakaadhibiwa kwa faini badala ya kifo. Vita vilimalizika mwaka wa 804, baada ya miaka zaidi ya 30.

Mtawala huyo huyo alikuwa mpenzi wa elimu. Mwaka wa 789 aliagiza shule zifunguliwe kwenye makao ya watawa na ya maaskofu. Waandishi wa enzi yake walieneza mwandiko ulio wazi, ambao ndio chimbuko la herufi ndogo zinazotumika katika magazeti na vitabu hadi leo. Yeye mwenyewe alijaribu kujifunza kuandika akiwa mtu mzima, akiweka vibao vya kuandikia chini ya mto wa kulalia. Hakufaulu sana, kwani samaki hukunjwa angali mbichi.

Charlemagne aliaga dunia Januari 28, 814, na kuzikwa katika kanisa alilolijenga mjini Aachen. Mwaka wa 843 wajukuu wake waligawana milki yake mafungu matatu. Kile alichokiunganisha kwa upanga hakikudumu hata miaka 30 baada ya kifo chake, ilhali herufi za waandishi wake zingali zasomwa.