Kitanda cha Maumivu Alichokilalia Krapf

Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii hutumiwa sana na walimu madarasani, lakini ni nadra kuulizwa swali linaloifuata: je, yule aliyekilalia kitanda hicho anawajua kunguni wa kitanda cha mwenzake? Nimeona niipime leo kwa maisha ya mtu ambaye jina lake halikosi katika vitabu vya historia na vya isimu, Johann Ludwig Krapf.

Wengi humkumbuka kama Mzungu wa kwanza kutoa habari za kuuona Mlima Kenya, tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui. Sisi wa isimu humkumbuka kwa sarufi yake ya Kiswahili ya mwaka 1850 na kwa kamusi iliyochapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Ni wachache wanaomtazama kama mtu aliyeumia. Na hali maisha yake, tangu utotoni hadi uzeeni, yalikuwa safari ndefu ya maumivu.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani. Alipokuwa na umri wa miaka 11, jirani alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulitenda. Kipigo hicho kilimlaza kitandani kwa muda wa miezi sita. Katika kulala huko alijisomea Biblia, na baadaye alikuja kuihesabu miezi ile kuwa mwanzo wa wito wake. Hapa ndipo ninapouona mzizi wa msimamo wake. Mtoto yule alijifunza kwamba maumivu hayangoji tu kuondolewa. Yanaweza pia kupewa maana. Mafunzo ya utotoni hayang'oki kwa urahisi.

Mwaka 1842 alimwoa Rosine Dietrich. Wakiwa safarini katika nyika za Ethiopia, Rosine alijifungua kabla ya wakati, na mtoto akafa. Baba yake alimpa jina la Eneba, ambalo katika Kiamhari ni chozi. Msomi wa lugha hakupata dawa ya uchungu ule, ila alipata neno lake.

Mwaka 1844 wakafika Mombasa. Mnamo Julai mwaka huohuo Rosine alijifungua tena mtoto wa kike. Homa ikamshika mama, ikamshika na mume. Siku chache baada ya kujifungua Rosine alifariki, na kitoto kikamfuata muda si mrefu. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani. Wakazikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Badala ya kukata tamaa na kurudi kwao, mjane yule aliwaandikia wakubwa wake Uingereza akilifasiri kaburi lile kama ishara kwamba kazi ya injili imeanza katika pwani hii. Mwaka 1846, mwezi wa Agosti, yeye na mwenzake Johannes Rebmann walihamia Rabai huku wote wawili wakitetemeka kwa homa, wakipokezana punda mmoja kwa sababu hapana aliyeweza kutembea njia nzima.

Hebu msomaji atazame tarehe hizi kwa makini. Mwezi Oktoba 1846, miezi miwili tu baada ya safari ile ya Rabai, madaktari wa Boston walionyesha hadharani jinsi mvuke wa etha unavyoweza kumfanya mgonjwa apasuliwe bila kuhisi. Mwaka 1847 James Young Simpson wa Edinburgh alianza kutumia klorofomu kwa wanawake wenye uchungu wa uzazi, na wakazuka watu waliopinga wakidai kuwa uchungu huo umeamriwa na Mungu. Rosine alikufa miaka mitatu kabla ya hapo. Kuhusu homa, wasomi wa wakati huo waliidhania kuwa zao la hewa mbaya. Haikuwa hadi mwaka 1897 ambapo Ronald Ross alionyesha kuwa mbu hubeba vimelea vya malaria. Kwa hiyo Krapf alistahimili kwa sababu ya imani yake, lakini pia kwa sababu elimu ya zama zake ilimwachia mlango mmoja tu, nao ni mlango wa kustahimili.

Sisi wa Machakos tuna hisa yetu katika habari hii. Mwaka 1851 Krapf alirudi Ukambani akinuia kujenga kituo Yatta, uwanda ambao sehemu yake imo katika kaunti yetu. Alipofuatana na mzee Kivoi kuelekea mto Tana, walishambuliwa, Kivoi akauawa, na Krapf akabaki peke yake nyikani. Alijaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki, akatembea usiku, akila majani na mizizi. Alipowafikia watu, jamaa za Kivoi walimlaumu kwa kuwa hai ilhali mwenyeji wake amekufa, ikambidi atoroke. Hao nao walikuwa na uchungu wao, na waliusoma kwa kadiri ya mila na msiba wao.

Nampa Krapf heshima yake. Hata hivyo, yapo mambo mawili yanayonitia wasiwasi. Kwanza, mtu aliyezoea kuyageuza maumivu yake kuwa ngazi anaweza kuwapandisha wengine ngazi hiyo bila kuwauliza. Maana ya kaburi la Mombasa tunaipata kwa kalamu ya mume. Rosine hakupata nafasi ya kutueleza yake. Pili, ustahimilivu uliokuwa fadhila pale pasipokuwa na dawa unaweza kuwa ukatili pale dawa ilipo.

Wangapi miongoni mwetu walimu husema kuwa sisi tulichapwa na tukawa watu? Ni kweli kwamba yule mtoto wa Derendingen alichapwa akawa mtu mashuhuri, lakini aliugua miezi sita kwa kosa lisilo lake, na hakuna anayejua ni watoto wangapi waliochapwa vivyo hivyo wasiinuke. Sheria zetu ziliondoa viboko shuleni mwaka 2001. Mazoea hayakuondoka siku hiyo. Aidha, wapo wasichana wanaoambiwa kuwa maumivu ya hedhi ni visingizio vya kukwepa masomo, na wapo wazee wanaokataa dawa kwa kuamini kuwa kulalamika ni kujidhalilisha. Morfini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977, na bado ziko familia zinazoiogopa kuliko zinavyoyaogopa maumivu yenyewe.

Mwaka 2020 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kilirekebisha fasili yake. Kinakiri kuwa kila mtu huijua dhana ya maumivu kupitia maisha aliyoyapitia, na kwamba anayesema anaumia yafaa aheshimiwe. Kiswahili kina utajiri wa kumsaidia kusema: jino hupwita, tumbo husokota, kidonda huwaka, mbavu hushikwa na kichomi. Neno uchungu pekee hubeba ladha ya shubiri, uzazi na msiba.

Basi mwanafunzi anapokuja mbele ya meza ya mwalimu akiwa amekunja uso, mwalimu asianze kwa kumsimulia aliyoyastahimili yeye. Amuulize panauma wapi, panaumaje, na tangu lini. Kisha ampeleke panapostahili. Aliyelala kitanda kimoja ana ushahidi wa kunguni wa kitanda hicho tu. Vya wengine hana budi kuuliza.