Picha Zilizobaki Kumbukumbuni

Soma Warumi 7:21–25; 13:13, 14.

Kijana mmoja anangoja gari la Lushoto pale Mombo, simu mkononi. Huu ni mwaka wa tatu tangu aache kutazama picha za ngono, na hajarudi nyuma. Lakini jana usiku zilimjia ndotoni, na asubuhi hii hamu ileile inamsumbua. Anajiuliza kama kweli aliwahi kuongoka. Mwafrika mwenzake alisumbuliwa na jambo hilohilo miaka zaidi ya 1,600 iliyopita.

Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo mwenye maombi mengi. Akiwa kijana alikwenda kusoma Carthage, akaishi na mwanamke bila ndoa, wakapata mwana, Adeodatus. Alimwomba Mungu usafi wa mwili, huku moyoni akitumaini kwamba jibu lingechelewa kidogo. Baadaye, akiwa mwalimu huko Milano, alichumbiwa binti ambaye umri wake wa kuolewa ulikuwa bado, na mama wa mtoto wake akarudishwa Afrika. Augustino hakuweza kungoja. Akachukua mwanamke mwingine. (Jina la yule wa kwanza hakuliandika. Inasikitisha.)

Mwaka 386, akilia bustanini chini ya mtini, alisikia sauti kama ya mtoto ikimhimiza achukue asome. Akafungua waraka kwa Warumi, na macho yake yakaangukia mafungu ya 13:13, 14. Shaka ikamtoka. Ambrose akambatiza wakati wa Pasaka mwaka 387.

Shuhuda nyingi huishia hapo. Yake iliendelea. Miaka kama 10 baadaye, akiwa askofu wa Hippo, aliandika kitabu chake cha Maungamo, na humo akakiri kwamba picha za maisha ya zamani zilikuwa bado zimo katika kumbukumbu yake. Alipokuwa macho zilimjia zikiwa dhaifu. Usingizini zilikuwa na nguvu hata akaziridhia. Ilimhuzunisha kuona mtu yuleyule akiwa tofauti hivyo kati ya kulala na kuamka. Lakini hakusema kwamba ubatizo wake ulikuwa bure. Alitambua kuwa akiamka dhamiri yake ilitulia, maana hayo hakuyatenda kwa kukusudia, akamwomba Mungu aikamilishe kazi aliyoianza ndani yake. Hatukubaliani naye katika mafundisho kadhaa, hasa kuhusu mateso ya milele, lakini kwa ungamo hili wengi wetu tuna deni kwake. Ni askofu wangapi wangeliandika?

Kuhusu macho alikuwa na mfano wa karibu. Rafiki yake Alypius, alipokuwa Roma, aliburutwa na wenzake hadi kwenye uwanja ambako watu waliuana ili kufurahisha watazamaji. Alijiamini, akafumba macho. Umati ulipopiga kelele akafumbua, na tangu saa ile akanaswa, hata akawa anawavuta wengine. Ilichukua muda mrefu kabla hajawekwa huru. Yeye na Augustino walibatizwa pamoja.

Pengine ndiyo sababu Augustino hakutegemea uwezo wake wa kufumba macho. Huko Hippo aliishi na ndugu katika nyumba moja na meza moja, wala hakuzungumza na mwanamke bila shahidi. Hata dada yake mjane hakuruhusiwa kukaa humo. Hapo nadhani alizidisha. Tatizo halikuwa dada. Lakini ile meza ya pamoja ilimfaa: hakuachwa peke yake na kumbukumbu zake.

Mwaka 430, Wavandali wakiwa wameuzingira mji, alilala mgonjwa akiwa na miaka 75. Aliagiza zaburi za toba za Daudi ziandikwe na kutundikwa ukutani karibu na kitanda. Akazisoma kila siku akilia, miaka 43 baada ya ubatizo wake, hadi alipofariki tarehe 28 Agosti.

Soma Zaburi 51. Ungetundika mafungu gani ukutani kwako?