Guru Gobind Singh: Aliyeomba vichwa, kisha akapiga magoti

Kila mwaka, Aprili 13 au 14, waumini wa dini ya Sikh, ambao Waswahili huwaita Makalasinga au Masingasinga, huadhimisha sikukuu ya Vaisakhi. Asili yake ni shukrani za wakulima wa Punjab kwa mavuno ya ngano. Aliyeipa maana iliyo nayo leo ni Guru Gobind Singh, wa kumi na wa mwisho kati ya viongozi walioiasisi na kuijenga dini hiyo.

Alizaliwa mjini Patna, India, mwaka 1666, akaitwa Gobind Rai. Mwaka 1675, baba yake, Guru Tegh Bahadur, alikatwa kichwa mjini Delhi kwa amri ya Aurangzeb, mfalme wa dola ya Mughal. Masimulizi ya dini hiyo yanaeleza kuwa waumini waliokuwapo siku hiyo hawakuthubutu kujitambulisha, wakajificha katikati ya umati. Mtoto wa miaka tisa alirithi uongozi, na pamoja nao akarithi aibu ya siku hiyo.

Miaka zaidi ya ishirini baadaye, siku ya Vaisakhi ya mwaka 1699, aliwaita waumini wake mjini Anandpur. Kwa mujibu wa masimulizi, alisimama mbele yao akiwa na upanga mkononi, akauliza ni nani aliye tayari kutoa kichwa chake. Umati ulinyamaza. Hatimaye alijitokeza mmoja, akaingizwa hemani. Guru akatoka peke yake, upanga ukitiririka damu, akaomba mwingine. Walipotimia watano, aliwatoa wote wakiwa hai.

Watano hao walitoka katika matabaka na pembe mbalimbali za India: mmoja alikuwa mchota maji, mwingine kinyozi. Guru aliwanywesha maji yenye sukari, yaliyokorogwa kwa upanga katika bakuli moja la chuma, ingawa desturi za tabaka zilikataza watu wa namna hiyo kula na kunywa pamoja. Kisha akapiga magoti mbele yao, akaomba wamnyweshe yeye pia. Mwalimu akawa mwanafunzi wa wanafunzi wake.

Jumuiya iliyozaliwa siku hiyo huitwa Khalsa. Wanaume walipewa jina la Singh, yaani simba, na wanawake Kaur, badala ya majina ya ukoo yaliyofichua tabaka la mtu. Nywele zisizokatwa, kitana, bangili ya chuma, kaptula na upanga mfupi vikawa alama zao. Tangu hapo, kujificha katikati ya umati hakukuwezekana tena.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Miaka michache baadaye, wanawe wawili wakubwa waliuawa vitani Chamkaur, na wawili wadogo wakauawa mjini Sirhind. Yeye mwenyewe alifariki mjini Nanded mwaka 1708, kutokana na jeraha la kuchomwa kisu. Kabla ya kufa, hakumteua mtu wa kumrithi: alikiachia uongozi kitabu kitakatifu, Guru Granth Sahib.

Ujenzi wa reli kutoka Mombasa, ulioanza mwaka 1896, uliwaleta mafundi wengi wa dini hiyo Afrika Mashariki. Katika Vaisakhi ya leo, kitambaa cha bendera ya hekalu hubadilishwa, watu watano hutangulia maandamano kwa ukumbusho wa wale wa Anandpur, na wanaojiunga na Khalsa hunyweshwa maji yale yale. Baadaye wote huketi sakafuni na kula chakula kimoja, bila kuulizwa dini wala kabila. Katika hekalu la Makindu, kando ya barabara ya Nairobi na Mombasa, msafiri yeyote hupewa chakula hicho bure siku zote za mwaka.

Lugha ya Kiswahili nayo imeihifadhi kumbukumbu hiyo: ndani ya neno Kalasinga limo jina la Singh, lililotolewa ili watu wasitofautishwe kwa tabaka.