Klemens Kiiza: Aliyetaka mkulima auze kahawa yake mwenyewe

Jina la hayati Klemens Kiiza halitenganishwi na historia ya kahawa ya Wahaya. Katika miaka ya 1930 alikiongoza chama cha wakulima wenyeji wa Bukoba, wilaya iliyojumuisha Muleba ya sasa, ili wauze zao lao pasipo kuwategemea wafanyabiashara wa kati. Serikali ya kikoloni ilikitazama chama hicho kwa shaka, hasa baada ya kanuni za kilimo cha kahawa kuzusha ghasia mwaka 1937. Hata hivyo, mwaka 1950 wakulima walipata ushirika rasmi, BNCU. Kijana anayesomea kilimo Kagera leo anaurithi ujumbe wa Kiiza: kulima bila kulijua soko ni kumtajirisha mwingine.