Hatshepsut: Mwanamke Aliyekuwa Farao

Mwanafunzi, unapokutana na mhusika wa kike anayetwaa uongozi katika kitabu teule, huenda ukadhani kwamba suala hilo ni la nyakati zetu tu. Rudi nyuma karibu miaka 3,500, hadi Thebes, mji uliokuwa kando ya mto Naili, mahali panapoitwa Luxor leo. Hapo mwanamke mmoja alivikwa taji la Farao na akatawala Misri kwa miaka ipatayo 20. Jina lake ni Hatshepsut.

Baba yake, Thutmose wa Kwanza, alikuwa mfalme na jemadari aliyefika na majeshi yake hadi mto Frati. Mama yake, Ahmose, alikuwa mke mkuu wa mfalme huyo. Hatshepsut aliolewa na Thutmose wa Pili, ndugu yake kwa baba. Usishtuke, katika jumba la kifalme la Misri ndoa ya namna hiyo haikuwa mwiko. Walijaliwa binti, Neferure. Mwana wa kiume alizaliwa na mke mwingine wa mfalme, mwenye hadhi ya chini, naye akaitwa Thutmose kama baba na babu yake.

Thutmose wa Pili alifariki yapata mwaka wa 1479 K.K. Mrithi wake alikuwa bado mtoto mdogo. Hatshepsut, ambaye kwa mtoto huyo alikuwa shangazi na mama wa kambo kwa wakati mmoja, akawa kaimu mtawala. Hatua hiyo haikumshangaza mtu, kwa kuwa akina mama wa kifalme walikuwa wamewahi kushika hatamu kwa niaba ya wana wao. Jambo la ajabu lilikuja baadaye. Kufikia mwaka wa 7 wa utawala wa mtoto huyo, Hatshepsut alikuwa amejitwalia vyeo vyote vya mfalme, pamoja na jina la kiti cha enzi, Maatkare.

Je, alikuwa mnyakuzi? Wengi walioandika kumhusu zamani walimchora kama mama wa kambo mwovu aliyempokonya yatima haki yake. Pima ushahidi kabla ya kukubali. Kijana Thutmose wa Tatu hakuuawa wala hakufukuzwa. Aliendelea kuitwa mfalme, na miaka ya utawala ilihesabiwa tangu siku alipotawazwa yeye. Alilelewa akawa mwanajeshi hodari. Mnyakuzi gani humlea mpinzani wake na kumwacha azoee kuongoza majeshi?

Ugumu wake mkubwa, kwa maoni yangu, ulikuwa cheo chenyewe. Sisi tunaposema malkia, tunaweza kumaanisha mke wa mfalme au mwanamke anayetawala. Wamisri walikuwa na jina la mke wa mfalme tu. Mwanamke aliyetaka kutawala kwa haki zote ilibidi awe mfalme. Sobekneferu alikuwa amefanya hivyo yapata miaka 300 kabla yake, lakini utawala wake ulikuwa mfupi. Tazama basi sanamu za Hatshepsut. Katika zile za mwanzo amevaa gauni la kike. Katika za baadaye ana kifua cha kiume, vazi fupi la kiunoni na ndevu za bandia ambazo kila Farao alivaa. Hakuwa akimdanganya mtu. Maandishi ya pembeni yalimtaja kwa viambishi vya kike, kwani katika lugha yao nomino na viwakilishi vilitofautisha mume na mke. Kiswahili, chenye yeye mmoja kwa wote, kingewapunguzia makarani wake kazi.

Alijua pia kutafuta uhalali. Kwenye kuta za hekalu lake la Deir el-Bahri alichongesha hadithi kwamba mungu Amun ndiye baba yake halisi. Propaganda? Ndiyo, na ya hali ya juu. Lakini maneno matupu hayangemweka madarakani. Alizungukwa na watu wenye uwezo, kama vile Hapuseneb, kuhani mkuu wa Amun, na Senenmut, mtu asiyetoka ukoo mkubwa ambaye alipanda hadi kuwa msimamizi wa mali na mlezi wa Neferure. Katika mwaka wa 9 alituma merikebu hadi nchi ya Punt, upande wa Bahari ya Shamu, zikarudi na dhahabu, mpingo, pembe za ndovu, nyani na miti hai ya manemane iliyobebwa na mizizi yake. Huko Karnak alisimamisha minara ya jiwe moja, granaiti tupu. Mmoja ungali umesimama, urefu wake ukikaribia mita 30.

Alifariki yapata mwaka wa 1458 K.K., na Thutmose wa Tatu akatawala peke yake. Zaidi ya miaka 20 ikapita ndipo mafundi walipotumwa na tindo kufuta jina na sura yake. Zingatia muda huo. Mtu mwenye hasira za kulipiza kisasi hangojei miaka 20. Huenda mfalme aliyezeeka alitaka njia ya mwanawe, Amenhotep wa Pili, iwe safi, bila kumbukumbu ya mwanamke kati ya baba na mwana.

Mafundi hao hawakumaliza kazi. Mwaka wa 1829, Champollion, Mfaransa aliyefumbua maandishi ya Misri, alisimama Deir el-Bahri akitazama picha ya mfalme mwenye ndevu. Kilichomtatiza ni kwamba maandishi yaliyomhusu mfalme huyo yalikuwa na viambishi vya kike.