Mbaraka Mwinshehe: Mwana wa Mzenga ambaye gitaa lake lilibaki Nairobi

MSAFIRI atokaye Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro hupita Maili Moja, Kibaha, kisha hufika Mlandizi. Hapo akikata kushoto kuelekea Maneromango, ataingia Wilaya ya Kisarawe na kukutana na Mzenga.

Ni huko Mzenga alikozaliwa Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, Juni 27, 1944. Wengi humwita mwana wa Morogoro, na Morogoro ina haki zake zote kwani ndiko alikokulia na kupatia sifa. Hata hivyo, Mkoa wa Pwani nao una sababu ya kumdai mcharazaji huyo, jambo ambalo husahaulika kila linapotajwa jina lake.

Mbaraka alikua katika miaka ambayo gitaa lilikuwa bado chombo kipya katika masikio ya wengi. Vijana wa mijini walijifunzia magitaa makavu, yale yaliyoitwa galatoni, wakiiga nyimbo walizozisikia redioni na kwenye santuri.

Mfano mkubwa wa upigaji huo ulitoka Katanga, ambako mwaka 1952 mtafiti Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco katika mji wa Jadotville, ambao sasa unaitwa Likasi. Bosco alikuwa peke yake, lakini kidole gumba kilitembea kwenye nyuzi za besi huku kidole kingine kikiimba juu, msikilizaji akadhani wapo wawili. Bendi za Tanganyika ziliigawa kazi hiyo kwa watu kadhaa: mmoja akashika solo, mwingine ridhimu, mwingine besi.

Katika mgawanyo huo Mbaraka alichukua solo, na kwa gitaa la umeme. Aliacha masomo ya sekondari kwa ajili ya muziki na mwaka 1965 alikuwa tayari ndani ya Morogoro Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka ule ule aliozaliwa yeye.

Mji wa Morogoro wakati huo uligawanyika. Upande mmoja walikuwapo Cuban Marimba wa Salum Abdallah, upande wa pili Morogoro Jazz. Salum Abdallah alifariki dunia kwa ajali ya gari Novemba 1965, na tangu hapo nyota iliyong'aa zaidi mjini humo ikawa ya kijana huyo wa Mzenga.

Alikuwa mtunzi, mwimbaji na mpiga solo kwa pamoja, mzigo ambao wanamuziki wengi huugawana. Sauti yake haikuwa na makuu, na pengine ndiyo siri yenyewe. Aliimba kama mtu anayezungumza na jirani, kisha akaliachia gitaa liseme yale yaliyobaki. Solo yake haikuwa na haraka. Alirudia kipande kifupi, akakigeuza kidogo, akakirudia tena hadi mchezaji akasahau lini wimbo ulianza. Mashabiki walimbatiza jina la Soloist National.

Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilikwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia, na safari hiyo ikazaa wimbo "Expo 70". Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk Wilbert Kleruu, alipouawa huko Ismani Desemba 25, 1971, Mbaraka alitunga wimbo wa maombolezo uliobeba jina la kiongozi huyo. Kabla na baada ya hapo zilikuwapo "Pesa No. 1" na "Mtaa wa Saba", nyimbo za maisha ya kawaida ambazo hazikuhitaji kufafanuliwa na mtu.

Tatizo lilikuwa kurekodi. Radio Tanzania Dar es Salaam ilizirekodi bendi kwa ajili ya matangazo, na kanda zake zikabaki maktaba. Ndizo ambazo leo ziko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC). Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengenezea santuri. Aliyetaka wimbo wake ununuliwe dukani alilazimika kuvuka kwenda Nairobi.

Mbaraka alivuka. Santuri ndogo za mizunguko 45 ziliuweka upande mmoja mwanzo wa wimbo na upande wa pili mwendelezo wake. Aliyekuwa mvivu wa kugeuza santuri aliikosa solo, na hiyo ilikuwa hasara kubwa.

Mwaka 1973 aliiacha Morogoro Jazz na kuunda Orchestra Super Volcano. Wimbo wake "Shida" ulipendwa mno nchini Kenya, na huenda hakuna Mtanzania mwingine wa enzi hizo aliyekuwa na soko kubwa kama lake upande wa pili wa mpaka.

Hapo ndipo siasa ilipomkuta. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na Februari mwaka huo Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Studio, kampuni iliyouza kazi zake na sehemu kubwa ya wanunuzi vilikuwa Kenya. Nyumbani kwake kulikuwa Tanzania.

Januari 1979, Tanzania ikiwa vitani na majeshi ya Idi Amin, Mbaraka alikuwa Kenya. Ajali ya gari iliyotokea eneo la Mombasa ilikatisha maisha yake akiwa na umri wa miaka 34. Alikufa kwa namna ile ile aliyokufa Salum Abdallah, miaka 13 kabla yake.

Kampuni ya Polygram ya Nairobi baadaye ilizikusanya nyimbo zake katika mfululizo wa santuri ulioitwa "Ukumbusho". Kwa wengi waliozaliwa baada ya kifo chake, huko ndiko walikoisikia solo yake kwa mara ya kwanza. Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, karibu miaka mitano baada ya yeye kufariki.